Sensa ya Magari Yote na Hewa ya Mahali

Sensa ya oksijeni haijui kiasi cha oksijeni. Inajua tofauti tu. Kifaa hiki kidogo, kinachofanana na plagi ya injini na kufungwa kwenye bomba la moshi, kina kauri ya zirkonia iliyopakwa platini ndani na nje. Upande wa nje wa kauri huoshwa na moshi wa injini. Upande wa ndani huguswa na hewa ya kawaida, ile ile anayoivuta dereva. Kauri ikishapata joto la nyuzi 300 na kuendelea, oksijeni hutaka kupita kutoka upande wenye nyingi kwenda upande wenye chache, na safari hiyo huzaa umeme. Petroli ikiwa kidogo, moshi hubakiwa na oksijeni na umeme huwa kama volti 0.1. Petroli ikizidi, oksijeni huisha karibu yote na umeme hupanda hadi karibu volti 0.9. Kwa ishara hiyo kompyuta ya injini, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, huongeza au kupunguza petroli ili mchanganyiko ukae karibu na kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli.

Kanuni ya umeme huo iliandikwa na Mjerumani Walther Nernst mwishoni mwa karne ya 19, nayo ni kanuni ya uwiano: hupima oksijeni ya upande huu kwa kuigawanya na ile ya upande wa pili. Kampuni ya Bosch iliigeuza kanuni hiyo kuwa kipuri, na mwaka 1976 kipuri hicho kikaanza kutengenezwa kwa ajili ya magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani. Leo kimo katika karibu kila gari la petroli linalopita Dodoma, mengi yakiwa Toyota zilizokwisha kutumika Japani. Gari linalotoka Dar es Salaam husafiri takriban kilomita 450 na kupanda hadi uwanda wa juu wa kati, mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko pwani. Sensa haihitaji kuambiwa kwamba imefika Dodoma. Hewa inayoulinganisha moshi nayo ni hewa ya Dodoma yenyewe, kwa wepesi wake na ukavu wake. Kifaa kilichotoka kiwandani ng'ambo hakikubeba kipimo cha huko. Kipimo hukipata kila mahali kinapofika, kwa kupumua.

Sensa hufa kwa njia nyingi. Petroli yenye risasi ilikuwa sumu yake kuu, hadi nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilipoacha kuitumia kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Zimebaki sumu nyingine: silikoni inayopakwa ovyo badala ya gaskiti, oili inayoungua ndani ya injini iliyochoka, masizi. Mara nyingi kinachokatika ni waya wa kuipasha moto, na mashine ya kupimia huonyesha msimbo P0135. Taa ya injini huwaka kwenye dashibodi, ulaji wa mafuta huongezeka, na mwenye gari hujikuta dukani akiwa na machaguo mawili. Ipo sensa iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lake, yenye waya wa urefu wake na soketi yake. Ipo pia sensa ya magari yote: nafuu zaidi, waya zake nne zikiwa wazi mwishoni, bila soketi. Hapo ndipo swali la kale la falsafa linapoingia gereji. Kitu kinawezaje kuwa cha wote na bado kikafaa kwa kimoja?

Swali jirani, lile la utambulisho, linaweza kuwekwa kando mapema. Plutarch alisimulia juu ya merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa ubao mmoja baada ya mwingine hadi wanafalsafa wa Athene wakabishana kama bado ni merikebu ile ile. Kwa gari, sheria imekwisha kulijibu kwa namba ya chesisi, na hakuna anayedhani kwamba gari lake limekuwa gari jingine kwa sababu ya sensa. Linalosumbua ni lile la kufaa.

Katika fikra za Plato, cha wote kiko juu ya vitu vyote na hakiguswi na chochote kati yake. Meza zote ni meza kwa kushiriki Umeza mmoja, ambao haujali kama mbao zilitoka wapi. Aristotle, mwanafunzi wake, alikataa kukitenga cha wote na vitu. Kwake umbo huishi ndani ya kitu hiki na kile, na anayetaka kulijua hana budi kuvishika vitu vyenyewe. Mabishano hayo ya zaidi ya miaka 2,300 yanaweza kuonekana mbali mno na fundi aliyelala chini ya gari huku vumbi la Dodoma likimwingia machoni. Lakini fundi huyo analazimika kuchagua upande. Akiisadiki sensa ya magari yote kwa namna ya Plato, ataichukulia kuwa imekwisha kamilika kiwandani, na kazi yake ni kuiunga tu. Akiisadiki kwa namna ya Aristotle, atajua kwamba bado haijawa sensa ya gari lolote, na kwamba nusu ya utengenezaji wake imo mikononi mwake.

Kazi yenyewe inampa haki Aristotle. Sensa mpya haina soketi, kwa hiyo fundi hukata soketi ya sensa iliyokufa, akaacha kipande cha waya cha kutosha, na kuunganisha waya za sensa mpya hapo. Rangi za waya haziaminiki. Katika sensa za Bosch, waya mbili nyeupe ni za joto, mweusi ni wa ishara, wa kijivu ni wa ethi ya ishara. Katika sensa za Denso, ambazo Toyota nyingi huja nazo, waya mbili nyeusi ndizo za joto, wa buluu ni wa ishara, mweupe ni wa ethi. Anayeunganisha mweusi na mweusi kwa sababu tu zote ni nyeusi atapeleka umeme wa kupashia joto kwenye njia ya ishara, na huenda akaua zaidi ya sensa. Rangi ni lugha, na kila kiwanda kina lahaja yake. Fundi makini hapimi kwa macho. Hupima kwa mita, akatafuta waya mbili zenye ukinzani mdogo kati yake, akajua kwamba hizo ndizo za joto.

Liko jambo la pili, nalo lina uzito kuliko la kwanza. Waya za sensa haziunganishwi kwa lehemu. Katika sensa nyingi za aina hii, ile hewa ya kulinganishia iliyoko ndani ya kauri haipiti kwenye tundu linaloonekana. Hupenya katikati ya nyuzi za waya, chini ya plastiki, kutoka kwenye soketi hadi ndani. Lehemu ikiyeyuka huziba nafasi kati ya nyuzi, na grisi hufanya vivyo hivyo. Umeme utapita vizuri, pengine vizuri kuliko mwanzo, lakini pumzi itakuwa imekatwa. Sensa isiyopata hewa ya mahali hukosa cha kulinganisha moshi nacho, na huanza kudanganya polepole bila kuzimika. Kwa sababu hiyo maungio hubanwa kwa koleo na vibanio vyake maalumu, kisha hufunikwa maji yasiingie, mbali na joto la bomba. Fundi hodari wa lehemu, aliyezoea kusifiwa kwa maungio yake safi, ndiye aliye katika hatari kubwa ya kukosea hapa.

Kutokana na haya, maneno "ya magari yote" yanaonekana kubeba maana mbili zisizofanana hata kidogo. Maana ya kwanza: kitu ni cha wote kwa sababu hakijali mahali. Maana ya pili: kitu ni cha wote kwa sababu kimeacha nafasi wazi, na nafasi hiyo hujazwa na mahali. Sensa ni ya wote kwa maana ya pili. Waya wazi ni nafasi iliyoachwa kwa mkono wa fundi, na njia ya pumzi ni nafasi iliyoachwa kwa hewa ya mahali. Zikizibwa zote mbili, kinachobaki ni chuma kilichofungwa kwenye bomba.

Uwanda wa kati umekwisha kuiona maana ya kwanza ikijaribiwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kutafuta ardhi ya kulima karanga. Ujumbe ulikaa Afrika Mashariki wiki tisa. Kutokana na ripoti yake ukatoka mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, uliogawanywa katika mashamba ya ekari 30,000 kila moja, yote kwa mfano mmoja, na mwanzo wake ukawa Kongwa, mashariki ya Dodoma. Matrekta yalinunuliwa katika mabaki ya vita. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi pamoja na chembe ngumu za mawe: mvua ikikatika hukauka ukawa kama tofali, na chembe zile husaga chuma cha jembe. Mvua nazo zilikuja kidogo, kama zinavyokuja mara nyingi katika nchi ambayo kwa mwaka mzima hupata takriban milimita 500 hadi 600, katika msimu mmoja tu. Januari 1951 mpango ulitangazwa kuachwa, na karibu pauni milioni 36 zikafutwa kwenye hesabu.

Kosa la Kongwa huelezwa mara nyingi kama kosa la haraka au la mashine mbovu. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yanaliacha la msingi. Wagogo waliokaa pale walikuwa wamekwisha kuishi na ukame vizazi kwa vizazi. Njaa ya Mtunya, iliyoanza mwaka 1917 katika vita vya Wazungu na kuendelea hadi karibu 1920, ilikuwa bado kumbukumbu ya watu wazima wakati Wakefield alipopita. Ulimaji wao wa uwele na mtama, mifugo yao, kutawanya kwao ng'ombe kwa ndugu na marafiki wa mbali ili ukame usiwamalize wote kwa mpigo mmoja, yote yalikuwa majibu yaliyokwisha kupatikana kwa swali la udongo huo na mvua hiyo. Mpango wa karanga haukuwa na tundu la kuingizia majibu hayo. Ulikuwa kipuri kilicholehemiwa.

Miaka 20 baadaye jambo hilo lilirudi likiwa na sura nyingine, na safari hii aliyeandika maneno ya mwanzo aliandika sawasawa. Katika waraka wa Ujamaa Vijijini wa Septemba 1967, Julius Nyerere alieleza kwamba nchi kubwa na yenye hali tofauti kama Tanzania haiwezi kufuata mfano mmoja wa kijiji, na kwamba wanakijiji wenyewe ndio wanaopaswa kuamua namna ya kuanza kulingana na udongo, mazao na desturi zao. Waraka ule ni wa maana ya pili kabisa: kanuni moja, nafasi wazi. Lakini mwaka 1971 ilipofika Operesheni Dodoma, familia zilihamishwa kwa maelfu na kukusanywa katika vijiji, na katika miaka iliyofuata operesheni za namna hiyo zilienea nchi nzima. Wafugaji waliokuwa wakitawanyika kwa sababu ya malisho na maji walijikuta wamewekwa kwenye mistari ya nyumba. Huduma za shule na zahanati zilisogea karibu, na hilo halipaswi kupuuzwa. Hata hivyo kilichofungwa hakikuwa kile kilichoandikwa. Waraka uliacha waya wazi. Utekelezaji ukaziunganisha zote kwa rangi.

Dini ndizo zilizolifikiria jambo hili kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa kila dini inayodai kuwa ya watu wote hulazimika kutua mahali fulani, kwa watu fulani, katika lugha fulani. Mfano ulio safi kuliko yote ni kibla. Mwislamu anatakiwa popote alipo aelekeze uso wake upande wa Msikiti Mtakatifu wa Makka. Amri hiyo ni moja kwa wote, na haikutaja kaskazini wala kusini. Anayeswali Dodoma huelekea kaskazini, akiinamia mashariki kidogo. Anayeswali Istanbul huelekea kusini mashariki. Mtu akichukua mwelekeo wa Istanbul, akauleta Dodoma bila kuupima upya, atakuwa ameigeuzia Kaaba mgongo huku akiamini kwamba anafuata wengine. Amri hii inawafikia wote kwa kuwa inaamuru uhusiano, na uhusiano hauwezi kutimizwa bila kujua mtu amesimama wapi. Saa za swala nazo ni hivyo hivyo: zinafuata jua la pale pale. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu waliipanua njia hii hadi kwenye mikataba na malipo, wakaweka kanuni kwamba pale sheria ilipokaa kimya, desturi ya watu wa mahali hupewa nafasi ya kuamua, mradi haivunji lililokwisha kuamriwa. Ukimya huo wa sheria wamekuwa wakiulinda kwa makusudi, kama fundi anavyoilinda njia ya pumzi.

Kanisa Katoliki limetembea na njia zote mbili kwa pamoja, na mvutano kati yake unaonekana vizuri katika nchi ya Wagogo. Katiba ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, iliyotolewa Desemba 1963, ilifungua mlango kwa muziki na desturi za watu mbalimbali. Mwaka huo huo padre Mtanzania Stephen Mbunga alichapisha kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akitetea uwezekano wa ibada kuimbwa kwa sauti za watu wenyewe. Kwa watu wenye zeze, marimba na ngoma za muheme zinazopigwa na wanawake, na wenye uimbaji wa sauti nyingi uliosifika duniani, hilo halikuwa jambo dogo. Hapo sehemu ya ibada ilikuwa imeachwa wazi.

Lakini katika Ekaristi Kanisa linadai kipuri halisi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 924, inataka mkate uwe wa ngano tupu na divai iwe ya asili, itokanayo na mzabibu. Katika nchi ambayo chakula chake ni ugali wa uwele na mtama, ngano ni mgeni. Mwanateolojia wa Kamerun, Jean-Marc Ela, aliliuliza swali hili kwa uchungu kutoka kwa wakulima wa mtama wa kaskazini mwa nchi yake: inakuwaje chakula cha wokovu kiwe lazima kile ambacho mkulima hakilimi, na ambacho hawezi kukiweka mezani bila kukinunua kwa mwingine? Swali hilo halijibiwi kwa kusema kwamba ngano ni ishara tu, kwa sababu anayeuliza anajua hilo, na ndiyo maana anauliza kwa nini mtama usiwe ishara. Wanaotetea ngano hujibu kwamba hapa kinachokumbukwa ni tukio lililotokea mara moja, mahali pamoja, mezani pa watu waliokula mkate huo, na kwamba kumbukumbu ya tukio haiwezi kukatwa soketi. Kuna nguvu katika jibu hilo. Yapo mambo ambayo umuhimu wake wote umo katika kuwa yale yale.

Hata hivyo Dodoma imetoa jibu lake ambalo halikutarajiwa na upande wowote. Mizabibu iliyoletwa na wamisionari Wakatoliki, na kupandwa Bihawana na vijiji vingine, iliupenda ukavu na jua la uwanda wa kati, ikafika mahali pa kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Leo Dodoma ndiyo nchi ya zabibu ya Tanzania. Divai, ambayo kwa mkulima wa mtama ingekuwa alama ya ugeni wa ibada, hapa imekuwa zao la jirani. Kipuri halisi hakikubadilishwa. Ardhi ndiyo iliyojifunza kukitengeneza. Ngano haikupata bahati hiyo katika uwanda huu mkavu, na swali la Ela bado liko mezani kwa nusu yake.

Wagogo wenyewe walikuwa na neno linalogusa kiini cha jambo hili kuliko maneno mengi ya wanafalsafa. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyekaa Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kuhusu neno mbeho. Maana yake ni upepo, tena ni baridi, na pia ni hali ya nchi mbele ya nguvu zinazoizunguka. Nchi yenye mbeho njema hupata mvua, uzazi na ng'ombe wenye afya. Mbeho ikiharibika, maradhi huingia zizini, na ni lazima ile mbaya ikatupwe nje ya mpaka. Kazi hiyo waliifanya wanawake, wakiwa wamevaa na kushika vitu vya wanaume, wakicheza hadi mwisho wa nchi yao. Kila nchi ilikuwa na mtemi wake, na mtemi alisimamia mbeho ya nchi yake peke yake. Ya jirani haikuwa mikononi mwake. Katika fikra hiyo hewa ina mipaka, na wema wa mahali hupimwa pale pale.

Dini za ulimwengu mzima zilipofika hazikuondoa kila kitu. Wakristo walipotafsiri habari zao kwa Kigogo walimwita Mungu kwa jina lililokuwapo tayari midomoni mwa watu, Mulungu. Jina hilo ni soketi ya zamani. Waya mpya ziliunganishwa hapo, na ujumbe ukapita kwa sababu upande wa pili wa soketi tayari ulikuwa umeungana na maisha ya watu: mazishi, mvua, laana, shukrani. Mmisionari angekuja na soketi yake, angekuta hakuna pa kuichomeka. Haifuati kwamba mambo mawili yaliyounganishwa yalikuwa yale yale. Volti zinaweza kutofautiana, na wapo waliounganisha kwa rangi tu. Lakini bila soketi ya mwenyeji, kipuri cha wote kisingekuwa na pa kuanzia.

Ikiwa nusu ya utengenezaji imeachwa kwa fundi, basi nusu ya wajibu pia imehamia kwake. Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, anataja kipimio cha risasi kilichotumiwa na wajenzi wa kisiwa cha Lesbos. Kipimio cha chuma hukaa kimenyooka na kulaumu jiwe. Kile cha risasi hujipinda kufuata jiwe. Aliutumia mfano huo kueleza kwamba sheria, kwa kuwa husema kwa ujumla, hukosea katika kesi fulani, na hapo ndipo anapohitajika mtu wa busara wa kutenda kile ambacho mtunga sheria mwenyewe angetaka kama angekuwapo. Mara nyingi mfano huo husomwa kama ruhusa ya kulegeza. Ukisomwa gereji, ni mzigo. Kipimio kinachojipinda hakimsahihishi anayekitumia. Kikikosewa, kosa ni la mkono.

Mzigo huo una upande wa haki kwa mwenye gari. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, iliyorithi muundo wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inatofautisha wanunuzi wawili. Mnunuzi anayeeleza haja yake na kutegemea ujuzi wa muuzaji ana haki ya kupata kitu kinachofaa kwa haja hiyo. Anayetaja kitu kwa jina lake la kibiashara na kukinunua kwa jina hilo huwa ameyachukua maamuzi mikononi mwake. Mwenye gari anayeingia gereji na kusema tu kwamba gari linakula mafuta ni mnunuzi wa kwanza. Hajui kama anafungiwa sensa ya gari lake au ya magari yote, na kutojua kwake ndiko kunakofanya kauli ya fundi kuwa amana. Waislamu husimulia jinsi Mtume alivyopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta unyevu ndani wakati juu ni pakavu. Muuzaji akasema ni mvua, akaulizwa kwa nini basi hakuiweka nafaka iliyolowa juu, watu waione. Nafaka iliyolowa haikuharamishwa kuuzwa. Kilichokatazwa ni kuificha. Sensa ya magari yote si nafaka mbovu, nayo inaweza kulifaa gari vizuri kwa miaka. Lakini ikifungwa kimyakimya na kutozwa bei ya ile halisi, inakuwa imewekwa chini ya rundo.

Upo pia wajibu wa kukataa, na huu ndio unaosahaulika zaidi, kwa kuwa neno "yote" linamshawishi mtu aamini kwamba hakuna gari lililobaki nje. Ujumla wa kipuri unaishia kwenye mpaka wa jinsi yake. Ziko sensa za titania, ambazo hazizai umeme bali hubadilisha ukinzani. Ya zirkonia haiwezi kukaa mahali pake. Ziko sensa za uwiano wa hewa na petroli, zinazofungwa kabla ya masega ya kusafishia moshi katika magari mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea, baadhi ya Toyota zikiwamo. Kwa nje zinafanana na sensa ya kawaida, nyuzi za nati ni zile zile, waya ni nne vilevile. Ndani kompyuta inasoma mkondo wa umeme unaobadilika kidogo kidogo, wala haitarajii kurukaruka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikifungiwa ya kawaida haitaelewa inachoambiwa. Hata kati ya sensa za jinsi moja, waya wa kupashia joto unaweza kuwa na ukinzani tofauti na ule ambao kompyuta imezoea, na taa ikawaka tena ingawa hakuna kilichoharibika.

Gari lililo ndani ya mpaka hujulikana kwa kupimwa. Injini huwashwa na kuachwa ipate moto, mashine ya kupimia huunganishwa, na namba za sensa hutazamwa injini ikizunguka kwa mwendo wa wastani. Sensa inayopumua hupanda na kushuka bila kutulia, chini kuelekea 0.1, juu kuelekea 0.9, mara kadhaa katika sekunde kumi, wakati kompyuta ikiongeza na kupunguza petroli kuifuata. Katika siku zinazofuata kompyuta huendelea kuyarekebisha makadirio yake ya muda mrefu kwa kadiri gari linavyotembea, iwe kwenye lami ya kuelekea Singida au kwenye vumbi la barabara za vijijini. Namba zikikaa palepale, juu au chini, fundi hufungua maungio na kuyakagua upya, waya moja baada ya nyingine. Na akigundua kwamba gari lilikuwa la jinsi nyingine tangu mwanzo, sensa hiyo hurudi dukani, na mwenye gari huambiwa bei ya ile halisi.